Ikazwe, Iachiwe au Ipewe Springi? Kuchagua Ncha za Boriti na Kenchi Unapochora Ghala kwenye Kompyuta

Boriti ya chuma ya mita 6 inabeba sakafu ya ofisi ya juu ndani ya ghala la korosho, tuseme Mtwara Mjini. Mzigo wote, ukishazidishwa kwa vigezo vya usalama, ni kilonyutoni 20 kwa kila mita. Umeshaichora kwenye programu ya uchambuzi wa elementi finiti, umechagua chuma, umeweka mzigo. Limebaki jambo moja ambalo programu haitakuuliza: ncha mbili za boriti hii zimeshikana vipi na nguzo? Usipoiambia, itachukulia kwamba zimekazwa, kwa sababu ndivyo elementi ya boriti ilivyoundwa. Kila ncha ina njia sita za kusogea, tatu za kuhama na tatu za kuzunguka, na zote sita zimefungwa kwenye nodi, yaani nukta ambapo vipande vinakutana, mpaka uachie mojawapo.

Njia ni tatu. Unaweza kuziacha ncha zimekazwa. Unaweza kuachia momenti, yaani nguvu ya kupinda, ncha ikawa bawaba inayoshikilia uzito lakini inazunguka bila kuzuiwa. Au unaweza kuipa ncha springi ya mzunguko, ikapitisha sehemu ya momenti kulingana na ugumu wa springi hiyo. Boriti ile ile, IPE 270 (chuma cha umbo la I chenye kina cha milimita 270), inajibu hivi; E ni ugumu wa chuma, I ni ukinzani wa umbo lake dhidi ya kupinda, na L ni urefu wa boriti:

| | Bawaba ncha zote mbili | Imekazwa kabisa | Springi yenye ugumu wa 6EI/L |
|---|---|---|---|
| Momenti ya nchani | 0 | 60 kNm | 45 kNm |
| Momenti ya katikati | 90 kNm | 30 kNm | 45 kNm |
| Nguvu ya kukata nchani | 60 kN | 60 kN | 60 kN |
| Mnepo katikati | 18 mm | 3.6 mm | 7.2 mm |

Mnepo, yaani kushuka kwa boriti, nimeukokotoa kwa mzigo wa matumizi wa 13 kN/m, bila vigezo vya usalama.

Jumlisha momenti ya nchani na ya katikati kwenye safu yoyote, utapata 90. Hiyo 90 haipotei. Unachoamua wewe ni nani aibebe: chuma cha katikati ya boriti, au kiungo pamoja na nguzo iliyo nyuma yake. Ukikaza kwenye kompyuta halafu fundi akafunga bolti mbili kwenye ubavu wa boriti (bamba lake la wima), katikati utakuwa umeweka chuma cha momenti ya 30 mahali panapokuja 90. Ukiachia kwenye kompyuta halafu fundi akachomelea kila upande, boriti itakuwa salama, lakini bolti, weldi na nguzo vitapokea momenti ambayo hakuna aliyeihesabu.

Ndiyo maana ninashikilia mpangilio mmoja wa kazi: kiungo kichorwe kwanza, hata kwa penseli, ndipo ncha iachiwe au isiachiwe kwenye kompyuta. Wahandisi wengi wachanga huanza kwenye programu, hupata chuma chembamba kinachopendeza, kisha humwachia mchoraji atafute kiungo. Kufikia hapo uamuzi umeshafanyika bila mtu kuufikiria.

Kukisoma kiungo

Vipande viwili vya chuma cha pembe vimefungwa kwa bolti kwenye ubavu wa boriti tu, flenji ya juu na ya chini (mabamba yake ya ulalo) hazijaguswa: hiyo ni bawaba. Sahani nyembamba ya mwisho iliyochomelewa kwenye ubavu peke yake nayo ni bawaba. Sahani nene iliyochomelewa kuzunguka boriti nzima, yenye bolti juu ya flenji ya juu na chini ya flenji ya chini, na nguzo ikawa na vipande vya kuimarisha mkabala na flenji hizo: hicho kimekazwa.

Ugumu uko kwenye aina ya tatu, na huku kwetu ndiyo inayoonekana zaidi. Karakana ndogo huwa na mashine ya kuchomelea lakini haina mashine ya kutoboa matundu kwa usahihi, kwa hiyo boriti inaletwa mpaka kwenye nguzo na kuchomelewa moja kwa moja, flenji na ubavu, bila kipande chochote cha kuimarisha ndani ya nguzo. Kwa macho kinaonekana kimekazwa. Lakini flenji ya boriti inavuta uso wa nguzo ambao nyuma yake ni wazi, uso unapinda, na ncha inazunguka. Si bawaba, wala hakijakazwa.

Kiwango cha Ulaya cha viungo vya chuma, EN 1993-1-8, kinatoa mipaka ya kupanga viungo kwa ugumu wake wa kuzunguka. Ukiwa chini ya 0.5EI/L ya boriti, kiungo kinahesabiwa kama bawaba. Ukifika 8EI/L katika fremu yenye breisi (vyuma vya mshazari vinavyozuia kuyumba) za kutosha, au 25EI/L katika fremu isiyo nazo, kinahesabiwa kuwa kimekazwa. Kati ya hapo ni springi. Kwa IPE 270 ya mita 6, EI/L ni takribani 2,030 kNm kwa radiani, kwa hiyo mpaka wa chini ni kama 1,000 na mipaka ya juu ni kama 16,200 na 50,700. Wamarekani katika kiwango cha AISC, taasisi yao ya ujenzi wa chuma, hutumia 2EI/L na 20EI/L.

Mipaka hiyo haimaanishi sifuri na mia kwa mia. Kwa boriti yenye mzigo uliosambaa na springi zinazolingana pande zote mbili, momenti ya nchani ni ile ya kukazwa kabisa ikigawanywa kwa (1 + 2EI/kL), ambapo k ni ugumu wa springi. Weka k ya 0.5EI/L: kiungo unachokiita bawaba bado kinachukua asilimia 20. Weka 8EI/L, utapata asilimia 80. Weka 25EI/L, utapata kama asilimia 93. Kwa hiyo hata bawaba iliyo halali inahitaji bolti na weldi zinazoweza kuzunguka kidogo bila kukatika. Sahani nyembamba ni bora kwa kazi hii kuliko nene, ingawa fundi atakuona unabana pesa.

Je, uweke springi? Kwa jengo jipya la kawaida, mimi siweki. Ugumu wa springi unapatikana kwa kukokotoa kila sehemu ya kiungo, yaani bolti, sahani, uso wa nguzo na ubavu wa nguzo, na asiyefanya hesabu hiyo anabuni tu namba inayomfurahisha. Springi ina nafasi yake katika jengo lililokwisha kusimama: unalikagua, viungo unaviona na kuvipima, na unataka kujua kwa nini sakafu inanepa au inatetemeka. Kwa jengo jipya, badilisha kiungo kiwe bawaba ya kweli au kikazwe kweli. Kama hilo haliwezekani, endesha modeli mara mbili, moja ikiwa na ncha zilizoachiwa na nyingine zikiwa zimekazwa, uchukue matokeo mabaya zaidi kwa kila sehemu: katikati ya boriti kutoka modeli ya kwanza, kiungo na nguzo kutoka modeli ya pili. Chuma kitaongezeka kidogo. Ni gharama ya kutojua, na ni halali.

Kutoachia si sawa na kukaza kabisa

Hapa nakaa kidogo kwa sababu jambo hili huwachanganya hata wenye uzoefu. Kutoachia ncha kunaiambia programu kwamba boriti na nguzo zinazunguka pamoja kwenye nodi ile. Hakusemi kwamba nodi haizunguki. Nguzo ikiwa nyembamba, nodi itazunguka sana na momenti ya nchani itashuka.

Chukua boriti yetu ikiwa juu ya nguzo mbili za mita 4 zinazoishia hapo hapo, chini zina bawaba, na chuma chake ni kile kile cha boriti. Nguzo ya namna hiyo inaipa boriti ugumu wa 3EI kugawanya kwa 4, ambao ukiupima kwa urefu wa boriti ni 4.5EI/L. Momenti ya nchani inakuwa kama 41.5 kNm badala ya 60, na ya katikati 48.5 badala ya 30. Hakuna springi uliyoweka. Nguzo yenyewe ndiyo springi. Ukiona programu imekupa namba hizo usidhani imekosea, na usiilazimishe kufika 60 kwa kuongeza vizuizi kwenye nodi.

Ndani ya programu kinachobadilika ni ugumu wa elementi yenyewe. Ncha ya boriti ambayo mwisho wake wa pili umekazwa inapinga mzunguko kwa 4EI/L. Ukiachia momenti kwenye mwisho ule wa pili, upinzani unashuka hadi 3EI/L. Ukiachia zote mbili, boriti haiisaidii tena fremu kupinga kuyumba. Hapo ndipo bawaba inapodai gharama yake. Fremu yenye boriti za bawaba juu na nguzo za bawaba chini haina kitu cha kuizuia isilale upepo unapoisukuma, kwa hiyo lazima kuwe na breisi au kuta za kubeba nguvu hiyo. Mwenye ghala anayetaka milango mipana ya malori pande zote atazikataa breisi. Kwake fremu iliyokazwa kwenye kona ndiyo jibu, na chuma cha nguzo kitakuwa kizito.

Tena, bawaba haiiachi nguzo bila momenti kabisa. Boriti inashika kwenye uso wa nguzo, wakati kompyuta imechora mstari katikati yake. Kiwango cha Uingereza cha BS 5950, ambacho wahandisi wengi nchini wamekulia nacho ingawa kiliondolewa mwaka 2010, kilitaka nguvu ya boriti ihesabiwe milimita 100 nje ya uso wa nguzo. Kwa nguzo yenye kina cha milimita 200, ile 60 kN inaleta 12 kNm kwenye nguzo. Usiposogeza ncha kwenye modeli, iongeze kwa mkono.

Kenchi: hapa chaguo lina uzito zaidi

Paa la ghala linaweza kuchorwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kufanya kila kipande kiwe elementi ya mvuto na mgandamizo tu, bila kuinama, kama tulivyofundishwa darasani kwa njia ya viungo. Ya pili ni kuacha kila kitu kimekazwa, kwa hoja kwamba kenchi imechomelewa kila mahali. Ya tatu ni kuacha chodi ya juu na ya chini, vile vyuma virefu, ziendelee bila kukatika, na kuachia momenti kwenye ncha zote mbili za vipande vya kati.

Ninapendekeza ya tatu, na sababu zake zimo kwenye upungufu wa zile mbili.

Njia ya kwanza ni safi na ya haraka, lakini inachukulia kwamba mzigo wote unatua kwenye nodi. Papi za bati hazikai hivyo. Nafasi kati ya nodi za chodi ya juu inaweza kuwa mita 1.5, na bati linataka papi kila sentimita 75, kwa hiyo papi moja inatua katikati ya kipande. Papi hiyo ikileta kilonyutoni 3, na kipande kikihesabiwa kama boriti ya bawaba, momenti yake ni takribani 1.1 kNm. Kwa bomba la mraba la 60 × 60 × 3, huo ni mkazo wa zaidi ya nyutoni 90 kwa milimita ya mraba, zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa chuma cha nyutoni 235 kwa milimita ya mraba, kabla hujaongeza mgandamizo wa kenchi yenyewe. Chodi inayoendelea itapunguza momenti hiyo, lakini haitaiondoa. Elementi ya mvuto na mgandamizo haiwezi kuionyesha hata kidogo. Programu itagawa mzigo kwenye nodi mbili na kukupa namba nzuri zisizo za kweli.

Njia ya pili inaonyesha kuinama kwa chodi, lakini inaingiza momenti kwenye vipande vya kati ambavyo vipo tu kwa sababu kenchi inanepa. Mhandisi anaviona vimeshindwa, anaongeza chuma, vinakuwa vigumu zaidi, vinavuta momenti kubwa zaidi, anaongeza tena. Ubaya mkubwa kuliko huo ni kwamba njia hii inaficha makosa. Ukisahau kuchora kipande kimoja cha mshazari, kenchi ya bawaba itaanguka kwenye kompyuta na programu italalamika. Kenchi iliyokazwa itasimama, kwa sababu chodi zitajibebesha kwa kuinama, na hutajua. Kwa hiyo hata ninapotumia njia ya tatu, huiendesha modeli mara moja kwa njia ya kwanza, kwa ajili tu ya kuona kama kenchi inasimama kwa mvuto na mgandamizo.

Mtu atauliza: kama kila kiungo kimechomelewa, bawaba iko wapi? EN 1993-1-8 inaruhusu vipande vya kati vya kenchi ya mabomba vihesabiwe kama bawaba ikiwa vipimo vya kiungo viko ndani ya mipaka yake na mistari ya katikati ya vipande haijapishana sana. Vipande hivyo ni vyembamba kwa urefu wake, vinainama kirahisi, na chuma kinachoweza kunyumbuka kinasawazisha momenti hizo ndogo. Angalia lakini sharti la mistari. Fundi akiona vipande viwili vinagongana kwenye chodi, hukitoa kimoja pembeni ili apate nafasi ya kuchomelea. Tofauti ya nguvu ya 40 kN kwenye chodi, ikipita milimita 40 nje ya mstari, inaleta 1.6 kNm. Chora upishano huo kwenye modeli, au mwambie fundi akate ncha kwa pembe mpaka mistari ikutane.

Kenchi za mbao zinafuata njia ile ile ya tatu, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu kiungo cha misumari kinacheza. Chodi iliyoungwa kwa mbao mbili isichorwe kama inaendelea pale penye muungo.

Kisha upepo. Bati, papi na kenchi kwa pamoja ni paa jepesi. Upepo wa mita 40 kwa sekunde una shinikizo la karibu kilonyutoni 1 kwa mita ya mraba, na sehemu kubwa ya shinikizo hilo, kwenye paa la mteremko mdogo, inavuta juu. Pwani ya kusini haipaswi kuichukulia hesabu hii kama ya vitabuni tu: kimbunga kilipiga Lindi mwezi Aprili 1952, na tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Paa linapovutwa juu, chodi ya chini iliyokuwa inavutwa inaanza kugandamizwa, na vipande vya kati vinabadilishana kazi. Ukiwa umeweka nondo kwenye kenchi kama vipande vya mvuto tu, programu inayojua kuvizima itavizima, na utaona kama kenchi bado inasimama. Ile isiyojua itakupa nondo inayobeba mgandamizo, kitu ambacho nondo haiwezi. Na urefu wa chodi ya chini wa kuangalia kujikunja kwake pembeni si ile mita 1.5 kati ya nodi. Ni umbali mzima mpaka kwenye kitu kinachoishika pembeni, na kwenye maghala mengi hakuna kitu hicho hata kimoja.

Kuachia urefu, na chumvi ya bahari

Momenti si kitu pekee cha kuachia. Ghala la mita 60 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 30, chuma kinarefuka kama milimita 22. Kikizuiwa kabisa, mkazo unafika nyutoni 75 kwa milimita ya mraba bila mzigo wowote juu yake. Kwa hiyo wengine huweka matundu marefu ya bolti kwenye kiungo kimoja, na kwenye kompyuta wanaachia nguvu ya urefu kwenye ncha hiyo. Iachie ncha moja tu. Ukiachia zote mbili kipande kinaelea.

Kwa ghala la Masasi au Nachingwea, mbali na bahari, sina neno. Kwa ghala la Shangani au Mikindani, nina neno. Chumvi inaingia kwenye matundu yale, kutu inajaa, na kiungo kilichotakiwa kuteleza kinashika. Ncha uliyoiachia imekazwa, na joto linaanza kusukuma nguzo. Karibu na bahari ninapendelea kuligawa ghala kwa nguzo mbili zilizosimama sambamba, kila upande ukajitegemea, kuliko kutegemea tundu liendelee kuteleza kwa miaka mingi. Ukilazimika kutumia tundu, chuma kipakwe zinki, na modeli iendeshwe pia ikiwa imeshika.

Miguu ya nguzo

Hapa kuna machaguo mawili yanayoonekana sawa lakini hayalingani. Unaweza kuweka egemeo la bawaba kwenye nodi ya chini, au kuweka egemeo lililokazwa kisha kuachia momenti kwenye ncha ya nguzo. Kama nguzo iko peke yake, matokeo ni yale yale. Kama breisi nayo inakuja kwenye nodi hiyo, mambo yanabadilika: kwenye egemeo la bawaba, nguzo na breisi zinabaki zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na zinapeana momenti, kwenye njia ya pili nguzo ni huru na breisi imekazwa ardhini. Mara nyingi unachotaka ni egemeo la bawaba pamoja na breisi iliyoachiwa ncha zote mbili.

Kukaza mguu kunahitaji besi pleti (sahani ya chini ya nguzo) nene, bolti nne au zaidi zilizo nje ya flenji, na msingi usiozunguka. Hilo la mwisho husahaulika. Msingi uliokaa juu ya mwamba wa matumbawe na ule uliokaa kwenye mchanga mwekundu wa nyanda za Makonde haushikilii nguzo sawa, hata kama besi pleti ni moja. BS 5950 iliweka mipaka ya busara: mguu unaouita uliokazwa usipewe ugumu unaozidi ule wa nguzo yenyewe unapokagua nguvu, na mguu wa bawaba unaweza kuhesabiwa kuwa na asilimia 10 ya ugumu wa nguzo unapoangalia uthabiti wa fremu, na asilimia 20 unapoangalia kuyumba wakati wa matumizi. Bila vipimo vya udongo, chagua bawaba.

Zege ni jambo fupi. Limemwagwa pamoja, kwa hiyo usiachie ncha isipokuwa una sababu. Ukiachia ncha ya boriti ndogo inayoingia ubavuni mwa boriti kubwa, ili kubwa isisokotwe, ni sawa, lakini weka nondo za juu pale. EN 1992-1-1, kiwango cha Ulaya cha zege, inapendekeza zibebe angalau asilimia 15 ya momenti ya katikati hata pale ulipohesabu bawaba. Bila hizo, ufa utaonekana juu ya boriti mapema.

Mitego ya programu yenyewe

Nodi moja ikiwa na boriti nne, na zote nne zimeachiwa momenti, hakuna anayeizuia nodi hiyo kuzunguka. Programu italalamika kuhusu kukosekana kwa uthabiti, au itatoa mzunguko mkubwa wa ajabu. Acha kipande kimoja kikiwa kimeshika nodi. Kwa kawaida ni nguzo. Vivyo hivyo kwa msokoto: ukiuachia ncha zote mbili, kipande kinazunguka kwenye mhimili wake mwenyewe.

Mtego wa pili unaumiza zaidi kwa sababu wakati mwingine haulalamiki. Umegawa boriti vipande vitatu ili uweke nodi za boriti ndogo, kisha ukachagua vyote na kuachia ncha zote. Umetengeneza bawaba katikati ya boriti. Achia mwanzo wa kipande cha kwanza na mwisho wa kipande cha mwisho, basi. Chodi za kenchi zina mtego huo huo.

Wa tatu ni majina ya mihimili, yaani mistari ya mwelekeo ya kipande. Ncha inaachiwa kwa mihimili ya kipande chenyewe, na programu hazikubaliani: kuinama kwenye upande wenye nguvu wa boriti ni M33 kwa SAP2000, MZ kwa STAAD.Pro, na My kwa Robot. Anayehama kutoka STAAD.Pro kwenda Robot akaachia kwa mazoea anaachia upande usio wake, boriti inabaki imekazwa kwenye upande unaobeba mzigo, na picha kwenye skrini haitamwambia. Fungua mchoro wa momenti wa boriti moja na uangalie namba ya nchani kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Kama uliachia, isomeke sifuri.

Uamuzi ukishafanyika, uandike kwenye mchoro unaokwenda karakana, kando ya kila kiungo, kwa Kiswahili ambacho fundi hatakiwi kukitafsiri. Fundi mwenye moyo wa kazi akiona bolti tatu kwenye ubavu wa boriti kubwa, ataongeza weldi kwenye flenji ili paa la watu lisianguke. Nia yake ni njema, na hakuna aliyemwambia kwamba weldi hiyo inapeleka momenti kwenye nguzo isiyoitarajia. Sentensi moja inatosha: "Kiungo hiki kinatakiwa kuzunguka. Funga bolti tu. Usichomelee flenji ya juu wala ya chini." Na kwenye kona ya fremu iliyokazwa: "Kiungo hiki hakitakiwi kuzunguka. Vipande vya kuimarisha ndani ya nguzo vichomelewe kabla boriti haijapandishwa, nitavikagua."